Kona ya Boma

Eti mvula tena. Kwa kisima, kwa soko, hata kwa mulango ya kanisa, wote bado wanasema mvula njo iliangusha kona ya boma. Numbi anawasikia, anapita.

Ile boma iko juu ya ziwa, nyumba ya mawe iliyopanda sawa munara, na vidirisha vya kutosha mudomo wa bunduki tu. Zamani ya wakamata-watumwa, watu walipanda na ngazi, wakaivuta ndani, maadui wakabaki chini wakitukana. Ziwa ilipojaa na kumeza nyumba ya Mama Evodie, alihamia mule na wajukuu wake wawili.

Numbi ni masoni, fundi wa kujenga. Waliokimbia maji wote walitaka fondasio, musingi wa nyumba mupya, na yeye kuponda mawe siku nzima hapendi. Mawe ya katikati ya ukuta wa boma hayana sura. Ya kona njo yamechongwa, yanalala yenyewe. Akachukua ya kona, akapakia kinga, baiskeli yake, akawapelekea, leo mbili, kesho tatu. Masoni gani hajui kama kona njo inashika nyumba? Alijua. Mama Evodie alimuuliza kama ukuta utavumilia, akamucheka: boma ilishinda bunduki, itashindwa na Numbi?

Mvula kubwa ya kwanza, kona ikashuka, ikamuvunja mama muguu. Numbi alimubeba mugongoni mpaka hospitali, na njia yote mama alikuwa anamubariki. Afazali angemutukana.

Juzi mama alirudi mule mule, hana kwingine. Numbi akaenda, akashindwa hata kukaa.

“Mama, si mvula. Ni miye nilitoa kona.”

Mama alikuwa anachambua ndagala, samaki ndogo za ziwa. Hakuinua macho.

“Nilikuwa nakusikia ukitoa, mwanangu. Nikasema, huyu ni fundi, anajua.”

Tangu ile siku Numbi anajenga. Kona inaomba mawe makubwa makumi tatu, yeye amepata tisa. Amepita mulango kwa mulango, akiomba wamurudishie. Papa Pontien, aliyejengea yake, alimuambia akachimbe mulima. Na ukuta wa pili umeanza kuinama, mama na wajukuu wanalala chini yake.

Basi weye wa hapa unayesoma, mvula usiniambie. Lile jiwe la boma unafulia nguo pale inje, beba ulete leo. Kama mawe yako yote iko ndani ya fondasio, kamata nyundo, kuja uchonge ingine.