Tundu Lisilotoa Damu

Kabla ya mambo haya nilikuwa na vidole kumi, na nilivitumia kushika jembe katika mashamba ya mpunga ya baba yangu kule Malinyi. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Mwingereza. Barabara ya kwenda Ifakara ilikuwa inatengenezwa, na makatapila yalipiga kambi Kisawasawa, chini ya milima. Niliposikia wanatafuta vijana wa kufundishwa ufundi wa mashine hizo, niliaga nyumbani nikahamia kwa mama mdogo Theodora, aliyekuwa ameolewa pale kijijini.

Tulipewa miezi mitatu ya majaribio chini ya Fundi Salehe, mtu wa Morogoro, mpole lakini mchache wa maneno. Miezi ikiisha alikuwa na desturi yake. Anakusimamisha mlangoni pa karakana, anaishika mikono yako, anaigeuza huku na huku, kisha anasema "ya spana" au "ya jembe". Mwenye mikono ya jembe alifunga mzigo wake siku hiyo hiyo. Mimi niliapa kwamba sirudi kulima. Nilikuwa na kiburi, nakiri.

Zilipobaki wiki mbili alinipa kazi ya kupima nozeli, vile vichwa vidogo vinavyorusha dizeli ndani ya injini. Unaifunga nozeli kwenye pampu ya mkono, unabonyeza mpini, unatazama mafuta yanavyotoka kama ukungu. "Usiweke mkono mbele," alisema, akaondoka. Hakusema kwa nini, na siku zile hakuna aliyemhoji fundi. Nozeli ya nne ilikuwa inadondosha. Nikabonyeza mpini kwa mkono wa kulia, huku nikipangusa lile tone kwa kidole cha shahada cha kushoto.

Nilihisi kama nimechomwa na mwiba. Palikuwa na kitundu kidogo, cha ncha ya sindano, na hakikutoa damu hata tone. Nikacheka peke yangu, nikaendelea na nozeli ya tano.

Jioni kidole kilipauka, kikawa cha baridi, kama si changu. Kesho yake kilivimba hadi ngozi ikang'aa, na kikawa kinapiga pamoja na moyo. Nikakifunga kitambaa, nikautia mkono mfukoni, nikafanya kazi kwa mkono mmoja. Niliogopa fundi akiuona atasema ni wa jembe kabla ya siku yake. Siku ya tatu kidole kilikuwa cheusi ubavuni, na mstari mwekundu ulikuwa umepanda hadi karibu na kiwiko. Kwapani palitoka mtoki. Nilitetemeka juani, na bado nilinyamaza.

Mchana huo mama mdogo aliniletea maji ya kunawa. Nikanawa mkono wa kulia tu.

"Na mwingine umeuacha karakana?" aliniuliza, akitabasamu.

Akauvuta mfukoni, akafungua kitambaa, na tabasamu likaisha. "Benedikto mwanangu," alisema taratibu, "mficha maradhi kifo humuumbua. Inuka."

Alinishika bega hadi karakana. "Shikamoo, fundi. Mtazame huyu." Fundi Salehe alikiinua kidole changu, akakinusa. Kisha akakaa juu ya pipa.

"Uliweka mkono mbele ya nozeli?"

"Ndiyo, fundi."

"Huko nilikotoka kulikuwa na kijana," alisema. "Kitundu kama hicho hicho."

"Alipona?"

"Panda gari."

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Tulipofika nusu ya njia ya kwenda hospitali lori lilizama kwenye tope hadi ekseli, na wingu jingine jeusi lilikuwa linashuka kutoka milimani. Niliegemea dirisha nikautazama ule mstari mwekundu. Ulikuwa umevuka kiwiko. Nilianza kusali Salamu Maria nikasahau maneno katikati. Mara nikasikia mngurumo. Lilikuwa katapila letu lililokuwa likisawazisha barabara mbele, lile ambalo nozeli zake nilizipima mwenyewe. Lilikuwa linanguruma vizuri, bila kukohoa. Likatufunga mnyororo, likatutoa.

Katika hospitali ya misheni pale Ifakara daktari alinibonyeza kiganja, nikapiga kelele. "Kidole kimekufa," alisema. "Nataka kuokoa mkono. Ungekuja kesho, ningekata hapa." Akagusa juu ya kiwiko changu.

"Nitashika spana tena?"

"Kwanza uishi," alisema.

Wakanipa dawa ya usingizi. Sista aliyenihudumia aliniambia baadaye kwamba walipopasua kiganja, kilichotangulia kutoka si usaha, ni dizeli, na chumba kizima kilinuka kama gereji. Walinipasua hadi kifundo cha mkono, wakaacha kidonda wazi, wakakiosha kila siku. Nililia kila walipokiosha, sioni aibu kusema. Homa ilinishika siku tisa. Mama mdogo alilala chini ya kitanda changu siku zote hizo.

Miezi yangu ya majaribio iliishia wodini. Siku hiyo Fundi Salehe alikuja, akaishika mikono yangu kama desturi yake, akaigeuza. Nikangoja neno.

"Nilikukataza," alisema, "ila sikukwambia kwa nini. Niliona haya kumtaja yule kijana. Mimi ndiye niliyekuwa namfundisha." Akaniwekea nati na bolti kiganjani. "Ukiweza kuifunga kwa vidole vilivyobaki, njoo."

Ilinichukua miezi minne. Nilikwenda.

Namshukuru Mungu, na mama mdogo, na mikono ya watu wa hospitali ile. Nanyi mnaoanza kazi hii, jeraha lisilotoa damu msilidharau, na msifiche maumivu kwa kuogopa bosi. Na ninyi mnaofundisha, mkimkataza mtu, mwambieni sababu.

Mwanafunzi mpya nikimpata, naweka karatasi ya mfuko wa saruji mbele ya nozeli, nabonyeza mpini mara moja. Namwambia ainue karatasi juani alitafute tundu. Akiliona, namtolea mkono wangu wa kushoto. Jina la yule kijana Fundi Salehe hakuwahi kulitaja, hadi alipozikwa. Ndiyo maana mimi nalitaja langu: naitwa Benedikto.