Picha ya Thelathini na Saba

Jumapili ya tatu Wivine alifika mapema, hata sahani za mchana zilikuwa hazijaoshwa. Alivua viatu mlangoni, akamsalimu mama Delphine, mke wa Edouard, kwa mikono miwili, akaketi kwenye kiti kilekile karibu na dirisha. Edouard akamletea kopo jingine la maziwa ya unga. Ndani hamkuwa na maziwa. Mlikuwa na vipande vya filimu, mamia, vimefungwa katika karatasi za daftari.

"Papa Edouard, leo tutaipata," Wivine alisema. "Nililota."

"Kama Mungu anapenda," Edouard akajibu, akiangalia pembeni.

Wivine alikuwa akitafuta picha moja tu. Siku ya komunyo yake ya kwanza, akiwa na miaka minane, alisimama na mama yake kando ya ukuta wa kanisa, na Edouard akawapiga picha. Ule mwanga wa flashi aliukumbuka mpaka leo. Picha yenyewe hawakuipata. Wiki chache baadaye mama alihamia Kambove kuwauzia wachimbaji chakula, na kabla ya Noeli homa ikamchukua. Hakuacha picha nyingine popote. Sasa Wivine alikuwa amempita mama yake kwa umri, na ule uso ulikuwa umeanza kumtoroka.

Edouard alijua tangu Jumapili ya kwanza kwamba picha hiyo haimo katika makopo. Hakusema.

Edouard si mtu wa maneno mengi. Alizaliwa Lukafu, katika mashamba, akaja Lubumbashi kijana, na kazi ya picha alifundishwa na mzee mmoja wa Kasai, André. Mzee huyo alimfunga kitambaa machoni na kumfanya aviringishe filimu kuukuu kwenye gurudumu la kuoshea, siku baada ya siku, mpaka vidole vikaona vyenyewe. "Filimu ni chungu ya maharagi," André alimwambia. "Ukifunuafunua, utakula mabichi."

Basi akajifunza kungoja. Alijifunza kusoma jua kwa kivuli cha mkono wake, kubana pumzi kabla ya kubonyeza, kuhesabu: filimu moja, picha thelathini na sita, na kila moja lazima iwe na mwenyewe. Watu nao walingoja, wiki nzima wakati mwingine, mpaka picha zioshwe na zikauke. Katika wiki hiyo kila mtu alikuwa mzuri.

Kisha zikaja simu, na watu wakaacha kungoja. Karatasi za picha zikapotea madukani, na dawa za kuoshea filimu pia. Nyumba yake hii ya mtaa wa Naviundu, ambayo zamani ilijaa maarusi na watoto waliopakwa mafuta usoni, ikawa kimya. Miaka mingi hakuna aliyemwuliza Edouard neno juu ya kazi yake, mpaka alipokuja Wivine. Kila Jumapili alijiambia: leo nitasema. Lakini Wivine angeinua kipande dirishani na kuuliza, "Na huyu, papa, mbona kofia yake nyeupe?" Naye angeanza kueleza kwamba kwenye filimu cheupe ndicho cheusi na cheusi ndicho cheupe, na kutoka hapo angefika kwenye taa nyekundu ya chumba cha giza, na uso unavyochomoza polepole majini, macho kwanza. Jioni ingefika hajasema.

Siku hiyo Delphine alimwita jikoni.

"Weye, unachelewesha mutoto wa benyewe juu ya nini? Unajua ile foto haiko."

"Nani alikuambia?"

"Uso yako. Miaka makumi ine niko mu hii nyumba, siyui uso yako? Sasa kopo inabakia moja. Ikiisha, utamuletea nini afungue? Masufuria yangu?"

Edouard akarudi chumbani. Hakuketi.

"Wivine, mwanangu, acha kwanza. Ile foto haiko. Haikupigwa hata siku moja."

"Haikupigwa namna gani? Flashi niliiona na macho yangu!"

"Flashi, ndiyo. Apareyi, ile kamera yenyewe, hapana."

Akamweleza. Flashi ya wakati ule ilikuwa kitu cha peke yake, inapachikwa juu ya kamera, na nyuma ilikuwa na kidude kidogo cha kuijaribia. Mzazi asipokuwa na kitu, na mtoto analia anataka picha kama wenzake, mpiga picha alibonyeza kidude hicho tu. Mwanga uliwaka. Filimu haikuguswa. Sauti ya kamera aliitoa mwenyewe kwa ulimi.

"Klak," akafanya Edouard, bila kukusudia.

Wivine akaweka mkono mdomoni. Ilikuwa sauti ileile.

"Mulinidanganya," alisema. "Mutoto wa miaka munane, na kanzu yake nyeupe, mukamudanganya!"

"Ni mama yako aliniomba. Alipita nyuma yangu, akasema polepole: 'Papa, mumuwashie tu, asilie. Ya kweli tutapiga ku Noeli.' Kisha akanikonyezea jicho."

"Mama? Alikonyeza?"

"La kushoto. Halafu akaenda kusimama pembeni yako, shingo juu, sawa muke wa gavana. Nikakuwa karibu kucheka."

Wivine akacheka yeye, mara moja, kwa nguvu, huku machozi yanashuka. "Kumbe alikuwa mujanja vile! Hakuna mutu alinielezaka ile."

Edouard angeweza kuishia hapo. Alikwisha kusamehewa, aliliona hilo usoni mwa Wivine. Lakini jambo lenyewe lililomkaa rohoni miaka yote lilikuwa bado.

"Filimu haikukuwa imeisha," akasema. "Ukiiingiza muzuri, bila kupoteza mwanzo wake, inakupa foto moja juu ya zile thelathini na sita. Bakiriya benye kulipa hawaiyui. Ile ya thelathini na saba ni ya mupiga foto. Siku ile ilikuwa ndani. Ningebonyeza kidole tu."

"Na mukaifanyia nini?"

"Velo yangu. Nilipiga baiskeli. Ilikuwa mupya."

Jikoni Delphine aliacha kugonga vyombo. Wivine akamtazama mzee huyo kama mtu anayepima maji kwa mguu kabla ya kuvuka.

"Munionyeshe," akasema.

Edouard akafungua kopo la mwisho. Hakutafuta, vidole vilijua. Wivine akakiinua kipande dirishani. Baiskeli nyeusi imekuwa nyeupe kama mfupa, na ukuta mweupe nyuma yake umekuwa usiku.

"Hii ukuta ni ya wapi?"

"Ya kanisa. Mulikuwa mumetoka tu pale."

"Tulisimama wapi?"

Edouard akasogeza ukucha karibu, bila kuigusa filimu. "Mama yako hapa, juu ya tairi ya mbele. Weye hapa, ku mukono yake wa kuume."

Wivine alikishika kile kipande kwa ncha za vidole, akapatazama pale pasipokuwa na mtu, na Edouard akasogea kidogo asimzibie mwanga.