Herufi Moja Kwenye Geti

Shangazi yangu Pelagia Masatu hawezagi kutulia. Yaani hata akila, anakula amesimama, sahani mkono mmoja, simu mkono mwingine. Akifunga mlango wetu hapa Kamunyonge, anausukuma mara tatu, anaondoka hatua kumi, anarudi, anausukuma tena. Majirani wanamwitaga Mama Kufuli, na yeye anachekaga tu, halafu anarudi kuusukuma.

Kazi yake ni mtu wa aiti kwenye mtandao mmoja wa vituo vya afya, jina nalificha, vipo Musoma mjini, Bunda na Butiama. Zamani kila kitu kwenye kompyuta zao kilikuwa na paswedi yake. Dawa yake, maabara yake, mafaili ya wagonjwa yake. Manesi wakawa wanaziandika zote kwenye kikaratasi, wanabandika ukutani, hata mgonjwa anasoma akisubiri sindano! Shangazi akaweka seva moja mlangoni. Unaingia mara moja asubuhi, jina na paswedi, seva inakupa tiketi, na tiketi hiyo ndo inakufungulia vyumba vyote vya ndani unavyoruhusiwa. Wafanyakazi wakaiita Geti. Raha tupu. Ila na wewe fikiria, Geti likidanganyika, nyumba nzima imedanganyika. Ndo maana hatuliagi.

Sasa ili uelewe alichofanya, lazima nikupeleke kwa bibi Dafroza kwanza. Mama yake. Mwaka themanini na tatu, sabuni imepotea, sukari imepotea, bibi anatoka Nyegina kwa mguu mpaka Musoma, shangazi yupo mgongoni, na barua ya balozi wa nyumba kumi kwenye pindo la kanga. Mche mmoja wa sabuni kwa kila jina lililoandikishwa. Karani anasoma orodha: Dafloza. Anasoma barua: Dafroza. Anamwambia, "Mama, huyu siyo wewe." Bibi anamwambia ni mimi, niangalie, ni mimi! Karani ameshaita mwingine. Bibi akarudi na kikapu kitupu, akafua nguo za mtoto kwa majani ya mpapai. Hii stori tumeisikia mpaka tunaiota. Bibi akifika kwenye "huyu siyo wewe" anapigaga meza.

Basi, Geti lilipofunguliwa, kule Bunda kulikuwa na mzee Alfonsi Magige, karani wa masijala. Mkurya kabisa, na Mkurya na herufi l, si unajua. Anaandika anavyoongea. Kila asubuhi saa moja na nusu simu inalia.

"Dada Peragia, mrango umegoma."

"Mzee umeandika jina lako vizuri?"

"Nimeandika. Arfonsi."

"Ni Alfonsi, mzee. Ya kwanza a, ya pili l."

"Si ndo nimekwambia? Arfonsi! Sasa nirare nje kwa sababu ya herufi moja?"

Herufi moja. Shangazi anasema ilimchoma hapa kifuani, akamuona mama yake na kikapu. Siku hiyohiyo akaongeza mstari mmoja kwenye Geti: r na l zihesabike kitu kimoja. Mtu akiandika Arfonsi, Alfonsi, Geti linageuza kila l kuwa r, linaona ni yuleyule, linamkaribisha. Mzee Magige akatuma samaki, sato wawili wakubwa kutoka Bunda kwa asante. Tukala. Miaka miwili watu wakaingia kwa raha zao, hakuna aliyelala nje.

Mpaka Jumanne moja. Shangazi yupo ofisini Musoma, Daktari Wambura, bosi wa vituo vyote, anaingia hata hajabisha hodi.

"Pelagia, kuna nesi Butiama ameiba paswedi ya Matron."

Matron ndo mkubwa wa manesi wote, anaitwa Selestina Matiko, na tiketi yake inafungua kila faili la kila mgonjwa. Wiki tatu mfululizo faili zilikuwa zinafunguliwa kule Butiama kwa jina lake. Faili za siri, za watu waliopima wakajua hali zao. Na Matron mwenyewe wiki hizo zote alikuwa likizo.

"Nesi gani huyo?" shangazi akauliza.

"Mgeni. Ana wiki tatu tu kazini. Alhamisi saa nne kikao, anaondoka. Na nitaandika barua asipate kazi ya unesi popote mkoa huu wa Mara."

"Ameibaje paswedi, Daktari?"

"Si ndo kazi yako kuniambia?"

Shangazi hakukaa tena. Jumatano asubuhi alikuwa Butiama. Akamkuta yule nesi, binti mdogo, kwenye benchi la nje, sare ameivua, ameikunja mapajani. Amelia mpaka macho yamekuwa madogo.

"Dada, mi sijaiba. Naingia kwa paswedi yangu. Kompyuta ikafungua vitu vingi, mi nikajua ndo kazi yenyewe! Nikawa naangalia nani anameza dawa, nani hajarudi, namfuata nyumbani. Kwani ilikuwa vibaya?"

"Paswedi uliibadilisha lini?"

"Siku ya kwanza. Wewe mwenyewe ulisema tubadilishe kwenye ile meseji."

"Haya. Niandikie jina lako hapa."

Akaandika. Serestina Matiko. Na r.

Shangazi akaangalia ile r kama mtu aliyeona nyoka kitandani.

"Wengine wananiambia nakosea jina langu mwenyewe," binti akasema. "Ila padri aliandika hivyo kwenye cheti cha ubatizo, na baba akasema libaki hivyohivyo."

Shangazi akayataja majina yote mawili. Selestina, Serestina. Kwenye Geti lake hao ni mtu mmoja! Akafungua laptopu palepale kwenye benchi, akafuata njia yote. Binti anaweka jina na paswedi, Geti linaangalia paswedi za wote wenye jina hilo, linakuta ni yake kweli, linafungua, mpaka hapo sawa. Shida ipo kwenye tiketi. Geti linaandika tiketi kwa jina lililokwisha kugeuzwa, l zote zimekuwa r. Ikifika vyumba vya ndani, navyo vinageuza, vinatafuta huyo mtu kwenye orodha, vinamchukua wa kwanza aliyeandikishwa. Wa kwanza ni Matron. Kwa hiyo nesi wa wiki tatu alikuwa anatembea ndani na funguo za mkubwa wake, na hajui.

"Dada, umeona nini?" Serestina akamuuliza.

Shangazi akasema, "Subiri." Akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akazunguka jengo zima la kituo, mara mbili, ng'ombe wa jirani wanamshangaa.

Maana sikia. Ule mstari hakuna aliyeujua ila yeye. Angeutoa kimyakimya, Geti linapona, kazi yake inabaki, hakuna wa kumuuliza. Na Serestina anaondoka Alhamisi saa nne. Ni hivyo tu.

Alianza na kuziba, maana tundu likiwa wazi haliachwi hata saa moja. Akautoa ule mstari. Ila hakuishia hapo, akasema kuutoa peke yake ni kuweka kiraka, kesho anakuja Wambura wa pili, Matiko wa tatu. Akabadilisha tiketi isiandike jina kabisa. Kila mfanyakazi ana namba yake ya kazi, haibadiliki, hawafanani wawili, basi mtu aingie kwa namba, tiketi iandike namba, na vyumba vya ndani visome namba. Akamwambia Serestina aingie. Safari hii ikafunguka wodi yake tu. Akampigia Matron aingie kutoka kwao. Zikafunguka zote. Akarudia, akarudia, mara kumi na moja, mpaka Serestina akasema, "Dada, limefunga, twende ukanywe hata chai." Hakunywa.

Nyumbani jioni alimwambia bibi kila kitu, anatembea kutoka jikoni mpaka sebuleni, sebuleni mpaka jikoni. Bibi akamuuliza kitu kimoja tu.

"Huyo binti kwenye kikao watamwambiaje?"

"Watamwambia wewe ni mwizi."

"Atasema mimi siyo."

"Ndiyo."

"Na karani ataita mwingine," bibi akasema, akapiga meza.

Alhamisi saa nne. Shangazi alibeba laptopu ikiwa na Geti la zamani, nakala, halijaungwa na kitu chochote, na majina yote na barua za ofisi zimo. Daktari Wambura anaanza kusoma makosa ya binti, shangazi akamkatisha.

"Daktari, samahani. Naomba nikusajili mfanyakazi mpya hapa. Jina lote kama lako, ila Wambula, na l. Anafagia. Paswedi atunge mwenyewe."

"Pelagia, hatuna muda wa michezo."

"Tunga paswedi tu, mkubwa."

Akatunga, amenuna. Akaingia kama mfagiaji. Kioo kikaandika: Karibu Dk. Wambura. Na chini yake vyumba vyote wazi, mpaka barua aliyokuwa ameiandika ya kumfukuza Serestina.

Matron, aliyeitwa kutoka likizo, ndo alianza, akacheka mpaka akashika meza. "Daktari, kumbe mfagiaji ndo katufukuzia nesi!"

"Nani alitoboa hili?" Daktari akauliza.

"Mimi," shangazi akasema. "Niliwaonea huruma watu wa r nikasahau kuangalia tiketi. Jana nimeziba. Huyu binti hajaiba kitu, aliingia alikofunguliwa, na aliyemfungulia ni mimi."

Daktari akamgeukia Serestina, "Vaa sare yako." Maneno matatu, hata samahani hakusema. Serestina aliivaa palepale juu ya blauzi, vifungo vimepishana.

Shangazi yeye alipewa barua ya onyo kali. Imechapwa Bunda, masijala, na mzee Magige, ambaye siku hizi anaingia kwa namba na anajisifu kwamba namba haina ukabira. Barua ikaletwa mpaka nyumbani, ukiipokea unasaini chini. Bibi akaichukua, akavaa miwani, akasoma juu: Kwa Bi. Peragia Masatu.

Akaruka kama msichana. "Usipokee! Huyu siyo wewe! Warudishe na barua yao!"

Shangazi alicheka, na kwa mara ya kwanza toka Jumanne ile akavuta kiti, akakaa akatulia. Akaweka barua mapajani, akasaini chini. Pelagia, na l, kubwa.

Halafu akaenda kusukuma mlango.