Isale Nilizong'oa

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, nilipong'oa isale tatu za jirani yangu, ile mimea ya majani marefu, nikazitupa mtaroni, nikarudi nyumbani nikijiona shujaa.

Nilikuwa mgeni huku Mabogini, nimeolewa kutoka Uru. Mtaa wetu umejengwa juu ya kinamasi kilichofukiwa kwa kifusi. Kutoka kwangu hadi barabarani palikuwa na uwanja mtupu, mkavu kwa macho, lakini watu wote waliuzunguka wakipita nyuma ya nyumba ya Mzee Ngowi. Hilo lilinitia shaka. Watu wazima wanazunguka nini? Halafu mzee akapanda isale katikati ya uwanja. Kwetu Uru isale ndiyo mpaka wa shamba, basi nikajua anamega kiwanja na majirani wanamwogopa. Shikamoo nikawa nampa nusu mdomo, nimeshampita.

Ndipo nikazing'oa. Kesho yake asubuhi nilimswaga mtamba wangu, mwenye mimba, zawadi ya baba yangu na mali pekee niliyokuja nayo. Nilikata katikati ya uwanja. Hatua ishirini tu, ardhi ikalegea, akazama mpaka tumboni. Alilia, nami nikalia.

Wa kwanza kufika na kamba alikuwa Mzee Ngowi. Yeye na majirani walitandika vigogo vya migomba, wakavuta mpaka akatoka mzima.

“Binti yangu, isale zangu ziko wapi?” akauliza. “Hapa palikuwa na chemchemi. Walifukia, lakini maji hayajahama.”

“Mbona hukuniambia, Mzee?”

“Kila nikifungua mdomo, umeshaondoka.”

Niliona aibu mpaka leo naiona. Nawe unajua, kwetu Wachagga mkosaji huenda kuomba msamaha akiwa na jani la isale. Nami isale sikuwa nayo nyingine. Nilishuka mtaroni, nikaokota moja ya zile nilizozitupa, nikampelekea. Akaipokea, akanirudishia.

“Kaipande ulipoitoa.”

Mwanangu, sikukatazi kuwa na shaka. Mimi mwenyewe mpaka leo siiamini ardhi ya kifusi. Lakini ukiona watu wanazunguka mahali, kabla hujawashuku wao, simama uwaulize, na ukae usikie jibu. Mungu akulinde uendako, na akupe jirani atakayekuja na kamba hata kama umemkosea.