Q Isiyofuatwa na U

Mwaka wangu wa kwanza Minnesota, katikati ya miaka ya tisini, niliweza kuimaliza Jumamosi nzima bila kutamka neno la Kiswahili. Siku za wiki nilisoma chuo Minneapolis. Mwisho wa wiki nilipanda basi hadi Richfield, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikalisha, nikaogesha, nikabadilisha mashuka. Niliishi na dada mmoja Mkenya aliyesomea unesi, lakini zamu zetu zilipishana. Nilijua amerudi nikikuta sahani yake kwenye sinki, na nadhani naye alinijua hivyohivyo.

Katika nyumba ile alikuwapo mzee mmoja, mpeleka barua mstaafu. Alikuwa amepasuliwa koo kwa sababu ya saratani, na sauti ikaenda hukohuko. Walimpa kifaa cha kubana shingoni kimsemee, akakifungia kwenye droo. Alitumia karatasi na kalamu, na mara nyingi hata hivyo hakuandika kitu. Wenzangu walimpenda kwa kuwa hakuwa na usumbufu. Mimi nilivutwa na ule ukimya wake, maana na mimi nilikuwa nao.

Alasiri moja, nikikusanya vikombe vya kahawa, alinishika mkono wa sare akanionyesha kiti. Mezani alikuwa ametandaza ule mchezo wa vibao vidogo vya herufi, unavyovipanga hadi viwe maneno. Msimamizi wangu alipita akatuona.

"Kaa naye kidogo," aliniambia. "Wenzake wamekataa kucheza naye. Anawafunga wote."

Na mimi akanifunga, tena vibaya. Kiingereza changu kilikuwa cha sekondari, cha kujibia mitihani. Ningeweza kuandika insha ndefu juu ya mmomonyoko wa udongo, lakini ukinipa X na J nilikuwa sina pa kuzipeleka. Nilitaka kuzirudisha kwenye mfuko wa vibao. Mzee akaandika kwenye karatasi yake: "Tafuta. Mimi siendi popote."

Basi nikaanza kutafuta. Kwenye basi la kurudi, watu wote wakitazama madirisha yaliyoganda barafu, mimi niliwinda maneno yenye X. "Axle." "Vex." "Jinx", yenye zote mbili, nikaikuta kwenye gazeti lililoachwa kitini, na nikatabasamu peke yangu hadi mama wa pembeni akasogea. Nilisoma mabango ya maduka, maelekezo ya dawa za wazee, karatasi ya kopo la supu. Chumbani palikuwa kimya sana jioni, na kutafuta maneno kulinisaidia kutosikiliza ule ukimya. Dada yangu alipopiga simu kutoka Tanga aliniuliza nimefanya nini wiki nzima. Nilifikiri nimwambie nimepata neno lenye Z mbili. Nikasema nimesoma tu.

Halafu siku moja mzee akapanga vibao vitatu: Q, A, T.

"Hapana," nilisema. "Q lazima ifuatwe na U. Hilo hata mimi najua."

Akanisukumia kamusi. Neno lilikuwapo. Nikasoma maelezo yake, majani ya mmea unaotafunwa Afrika Mashariki na Uarabuni, nikayasoma tena polepole.

"Kumbe ni mirungi," nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti, nikashtuka kujisikia.

Mzee akainua nyusi. Nikaanza kumweleza. Nilimsimulia habari za mjomba wangu dereva wa lori, aliyetafuna majani yale njia nzima asilale, akafika kwetu macho yamemtoka, akaongea hadi bibi akamwomba amhurumie. Nilimwambia jinsi alivyotuletea machungwa, na jinsi alivyokataa kukaa kitini kwa kuwa miguu yake ilidhani bado inakanyaga klachi. Mzee alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Tangu nitue nchi ile sikuwa nimemsimulia mtu habari ndefu kiasi kile. Nilipotoka chumbani nililia kidogo kwenye stoo ya mashuka, kisha nikanawa uso.

Binti yake, mwanamke wa makamo aliyeishi Burnsville, alikuja Jumapili moja akatukuta tunacheza. Alisimama mlangoni muda mrefu. Baadaye alinifuata koridoni.

"Baba yangu hakuwahi kuupenda mchezo huu," alisema. "Mama ndiye aliyeupenda. Kila baada ya chakula cha jioni alimwomba wacheze, na baba alisema amechoka kutembea. Mama alipofariki ndipo baba akaifungua ile kamusi ya mama. Amejifunza yote peke yake."

Nilimwambia poleni sana, nikarudi kumalizia mchezo.

Kabla majira ya baridi hayajaisha binti alimchukua mzee akaishi naye. Nilimsaidia kufungasha. Burnsville haikuwa mbali kwa mwenye gari, lakini mimi sikuwa nalo, na basi la Jumapili halikufika mtaa ule. Mara moja yule dada Mkenya alijitolea kunipeleka. "Na-park hapa chini, harakisha, niko na shift jioni," alisema. Nilicheza na mzee mara moja tu, akanifunga, akanisindikiza hadi mlangoni akiwa na viatu vya ndani.

Nilipopata leseni na gari kuukuu kiangazi kile, nilipiga simu kwanza kuwaarifu kwamba nakuja. Binti akaniambia baba yake alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Hakuwa na namba yangu.

"Lakini njoo," alisema. "Nyumba ni kubwa sana sasa."

Nikaenda. Hatukucheza. Tulikunywa supu ya kuku, tukaangalia utabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni. Aliponifungulia mlango nitoke aliuliza kama Jumapili ijayo nina zamu.

"Sina," nilimwambia, ingawa ilikuwapo, na Jumatatu nikaomba kubadilishiwa.