Malkia wa Kusimuliwa

Mume wangu hakujua kusimulia. Waliomfahamu sokoni watashangaa nikisema hivyo, maana kule alikuwa na maneno mengi. Angeweza kukueleza mbuzi aliyemwona mara moja tu huko Kulamawe, rangi yake, sikio lililochanwa, jinsi anavyokanyaga na mguu wa nyuma, nawe ukamtambua mbuzi huyo katikati ya mia. Lakini hadithi ya watu ilimshinda, na ya wanawake ilimshinda zaidi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Televisheni ya karibu nasi ilikuwa ndani ya hoteli moja kando ya soko la mifugo, ya rangi nyeusi na nyeupe, imewekwa juu ya kabati la mandazi. Jumamosi jioni wanaume walijaa mle kwa chai na mazungumzo ya bei. Mwanamke hakukaa pale. Hakukuwa na tangazo mlangoni, ulijua tu. Mimi nilikuwa nyumbani na cherehani changu, nikishona nguo za watu.

Jumamosi moja mume wangu aliingia, akavua viatu, akasema, "Leo tumeona mambo. Mfalme amenyang'anywa sauti, ikafungiwa kwenye chungu."

Niliacha kukanyaga cherehani. "Nani amemnyang'anya?"

"Mchawi."

"Kwa nini?"

"Ah, mama. Ndivyo ilivyo."

"Halafu?"

"Halafu mwenye hoteli akazima. Adhana ilikuwa karibu."

Akaenda kutawadha. Nikabaki na mfalme asiye na sauti, na nilibaki naye wiki nzima. Nani angeongea badala yake? Watu wake wangejuaje anachotaka? Jumamosi iliyofuata nilimpa mume wangu chai mapema ili asichelewe hotelini, na aliporudi nilikuwa nimemngoja na maswali.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ikawa mateso. Kipindi kilikuwa cha kigeni, cha Kiingereza, na mume wangu alijua Kiingereza cha kuhesabia mifugo tu. Nilifahamu kuwa malkia ndiye aliyekuwa akimsemea mfalme. Nilifahamu kuwa mfua chuma aliyetengeneza mfuniko wa chungu yuko gerezani. Kila kingine nilikivuta kwake kama mtu anayevuta mwiba.

Nakumbuka sehemu moja kuliko zote.

"Malkia aliingia gerezani," alisema.

"Peke yake?"

"Na taa. Hapana, na mkate. Akampa yule jamaa mkate, akamlegezea mnyororo mguuni."

"Akamwambia nini?"

"Kiingereza."

"Najua ni Kiingereza. Uso wake ulikuwaje?"

"Uso wa mzungu."

Nilivuta pumzi. "Endelea."

"Halafu yuko kwenye kile kiti kikubwa, anaamuru jamaa akatwe vidole, asije akatengeneza kitu kingine."

"Nani anaamuru?"

"Malkia."

"Huyo huyo aliyempelekea mkate?"

"Huyo huyo. Wale watu wana wazimu."

"Na kati ya mkate na vidole, kulitokea nini?"

Alifikiri kwa bidii, hilo nalikubali. "Farasi walikimbia," akasema.

Sikulala vizuri. Kesho yake, Jumapili, jirani yangu alikuja baada ya kanisa. Alikuwa Mmeru, mke wa karani wa serikali, na nilikuwa namshonea gauni. Tulikuwa tumezoea kukaa mkekani, yeye akifuma, mimi nikipinda upindo, tukiongea Kiswahili chetu cha kuokotaokota. Nilimsimulia mkate, nikamsimulia vidole.

"Amerogwa," alisema papo hapo. "Yule mchawi amemwingia. Asubuhi ni yeye, mchana si yeye."

"Hapana. Hiyo ni rahisi mno."

"Sasa ni nini?"

Nilikuwa nimelifikiria tangu alfajiri. "Fikiria, jirani. Mume wake hana sauti. Akinyamaza yeye pia, mashemeji watachukua ufalme. Akimhurumia mfungwa mbele ya watu, watasema walipanga pamoja. Kwa hiyo mkate ni wa moyo wake, vidole ni vya kile kiti."

Aliweka sindano zake chini. "Lakini yule fundi akikatwa vidole, nani atafungua chungu? Mume wake atapataje sauti?"

Swali hilo lilinishika. Nikajisikia nikisema jambo ambalo sikuwa nimelipanga. "Labda hataki kifunguliwe. Amezoea kusikilizwa. Anampenda mume wake, anataka apone, na hataki apone. Yote mawili."

Jirani alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. "Hayo usimwambie baba watoto!"

Miezi ikaenda hivyo. Mume wangu aliniletea vipande, mimi na jirani tukaviunganisha. Malkia alimficha mtoto wa adui, kisha akachoma kijiji chake. Alilia kaburini, kisha akacheka mezani. Kila alipojipinga mwenyewe, tulimtafutia sababu, na kila sababu ilimfanya awe mkubwa zaidi machoni petu. Sijawahi kumfahamu mwanamke vizuri kama nilivyomfahamu yule. Kilichonichoma ni kwamba mtu pekee aliyemwona kwa macho alikuwa mume wangu, na yeye hakuona kitu.

Kisha karani akarudi kutoka likizo na televisheni iliyoviringishwa blanketi, ya kutumia betri ya gari. Jirani alikuja mbio kuniambia. Mume wangu, nilipomweleza, alisema, "Nenda, si ni hapo tu," nami nikavaa shela yangu nzuri kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa mwenye heshima.

Karani alikuwa juu ya bati, akizungusha eriali.

"Sasa?"

"Bado picha ni mchanga mtupu!" jirani alipiga kelele.

"Na sasa?"

"Ulikuwa umepata! Rudisha!"

Tulikosa mwanzo. Picha ilipotulia, ukumbi wa mfalme ulikuwa mbele yangu, mdogo kuliko nilivyoujenga. Mwanamke mrefu aliketi kwenye kiti. Mwanamke mwingine, mfupi, mwenye hatua za harakaharaka, aliingia akasimama mbele yake, na wakaanza kugombana.

"Malkia ni yupi?" niliuliza.

Jirani alikuwa amesoma hadi kidato cha pili. Alisogea karibu, akasikiliza. "Wa kiti," alisema. "Huyu mwingine ni... subiri... anamwita dada. Ni mdogo wake." Akasikiliza tena. Nikaona mkono wake unapanda mdomoni polepole. "Malkia anamgombeza kuhusu mfungwa. Anasema, nimejua wewe ndiye uliyekuwa ukimpelekea mkate."

Walikuwa wawili.

Hata hawakufanana! Mmoja alikuwa na shingo ndefu na sauti nzito, mwingine uso wa mviringo na mikono isiyotulia. Mtoto wa chekechea angewatenganisha. Mdogo ndiye wa mkate, wa machozi, wa kumficha mtoto. Mkubwa ndiye wa vidole na moto. Mmoja mwema, mmoja mbaya, basi. Hakuna aliyetaka na asiyetaka. Hakuna mashemeji. Yule mwanamke wetu hakuwako, na hakuwahi kuwako.

"Afadhali wetu," jirani alisema kwa sauti ya chini.

Nilijifunga shela, nikarudi nyumbani.

Mume wangu aliporudi kutoka msikitini alinikuta nimesimama mlangoni.

"Ni wawili," nilimwambia.

"Nani?"

"Malkia na mdogo wake! Si mmoja! Umeniletea wanawake wawili ukaniambia ni mmoja!"

Alikunja uso. "Yule mfupi?"

"Kwa hiyo ulijua kuna mfupi!"

"Nilidhani amevua viatu."

Wallahi nilitaka kucheka na nilitaka kurusha kitu. Nikamwambia, "Mbuzi wa Kulamawe unamjua kwa hatua zake. Wanawake wawili wazima huwaoni?"

Hakupandisha sauti. Aliketi, akanitazama. "Mama, mimi pale naenda kunywa chai. Kutazama unanituma wewe. Nimeacha kukaa na wenzangu, nakaa mbele kwenye benchi, nawaambia wanyamaze. Wananicheka. Wanasema nakariri kama mtoto wa duksi anayeogopa mwalimu wa Kurani. Na njia nzima narudi nikisema moyoni, mkate, mnyororo, farasi, nisije nikasahau."

Hilo nalo likaniudhi, kwa sababu liliniondolea haki ya kukasirika sawasawa. Nilimpakulia chakula.

Jumamosi tatu zilizofuata nilikwenda kwa jirani. Nilijaribu, kweli nilijaribu. Lakini nikimtazama yule mrefu nilijua atafanya ubaya kabla hajafumbua mdomo, na nikimtazama yule mfupi nilijua atalia. Nilijikuta nawakasirikia watu waliotunga kile kipindi, watu wa mbali nisiowajua. Walikuwa na mwanamke anayesema badala ya mume bubu, jambo zito kama hilo, na walichoona ndani yake ni dada mwema na dada mbaya. Jumamosi ya nne nilimwambia jirani nina sare za shule za kumaliza, jambo ambalo lilikuwa kweli, ila hata bila sare nisingekwenda.

Alikuwa akija kunisimulia Jumapili. Alisimulia vizuri, na sauti zao, na mikono yao. Nilisikiliza kwa adabu. Tukaanza kuongea zaidi mambo ya watoto, na siku nyingine tulisahau kabisa kumtaja malkia.

Siku ya sehemu ya mwisho mume wangu alikuwa ametoka Garbatulla, amechoka na vumbi, lakini alipitia hotelini kwanza. Safari hii mwenye hoteli hakuzima mapema. Mume wangu aliingia akanikuta nashona kola.

"Imeisha," alisema. "Malkia ameanguka shimoni."

"Yupi?"

"Yule mrefu." Alisubiri kidogo aone kama amepatia. "Na chungu kimevunjwa. Mfalme amepata sauti yake."

"Amesema nini?"

"Amemshukuru mfua chuma. Watu wakapiga makofi, hata hotelini."

Nilisubiri kama kuna zaidi, nikaona usoni mwake kwamba hakuna, na safari hii halikuwa kosa lake. Muda wote ule mfalme amesemewa, na sauti inaporudi haulizi hata kilichosemwa kwa jina lake.

"Haya," nilisema. "Chai iko mekoni."

Akaenda kuoga. Nikaitazama ile kola, nilikuwa nimeishona upande, nikaanza kuifumua.