Jina Nililolinywa

Msinicheke, wala msiseme bibi kazeeka, anaota mchana. Haya yamenifika mimi, hapa Aija, Sur, huku Uarabuni, mwaka huu huu, na bora ningekuwa nimeota.

Mama mkwe wangu, Bi Shamsa binti Humud, aliniachia sanduku. Ndani, kwenye kitambaa, mlikuwa na ukurasa mmoja wa ngozi. "Hii amana," aliniambia. "Mwenyewe ataijia." Nani huyo, hata yeye hakumjua, alipewa na mkwewe, Bi Zuwena.

Ukurasa wenyewe sasa, jamani! Samaki wawili wanazungukana, kila mmoja anafukuza mkia wa mwenziwe, na pembezoni maua ya buluu na dhahabu. Mjukuu wangu Thuraya akaupiga picha, akaikuza kwenye simu. Kumbe wale samaki hawakuchorwa! Kila gamba ni mstari wa herufi, ndogo kama sisimizi.

"Bibi, hii Taurati," akasema. "Kiebrania cha zamani, kazi ya Mayahudi wa Yaman. Usiushikeshike. Nitamleta mtu anayejua autazame."

Mimi nimesoma chuo cha Kurani tu, na si sana. Lakini nikawaza: Taurati si kitabu cha Mungu? Nabii Musa si mtume? Na haya magoti yangu, vidonge vya hospitali vimeshindwa nayo. Kwetu Unguja ukiumwa, mwalimu hukuandikia aya kwa zafarani kwenye sahani, ikaoshwa, ukanywa. Ndilo kombe hilo. Basi Thuraya aliporudi kazini kwake Nizwa, nikaulaza ukurasa kwenye sinia, nikaumiminia marashi ya mawaridi ya Jabal Akhdar.

Mwanaidi, binti wa Tanga anayenisaidia kazi, akashika kiuno. "Bibi, kombe la Kiyahudi? Wallahi utaamka unasema Kiyahudi!"

"Hebu nyamaza, niletee kikombe."

Wino ukatoka kama moshi. Samaki wakaogelea kidogo, naapa, kisha hawakuwapo. Nikanywa. Mchungu huo!

Kesho yake, jua la utosi, Mwanaidi kalala, mlango ukabishwa. Nikafungua. Mzee mwembamba, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha akishona, vidole vyeusi kwa wino mpaka ndani ya kucha. Kiganja kakiegemeza kwenye misumari ya shaba ya mlango. Saa ile, niaminini, ukiigusa unababuka. Yeye wala.

Akasema nami. Lugha ile sijapata kuisikia, na nikaifahamu neno kwa neno. Alikuja kuutazama ukurasa wake. Alikuwa na binti, akamfia mdogo. Jina lake alilificha ndani ya jicho la samaki, lisionwe na mtu ila yeye, na sasa amelisahau. Alitaka kulisoma tu, basi, ukurasa tubaki nao sisi.

Nyinyi mngesema nini? Ukurasa ulikuwa nyuma yangu, mweupe, nimeuanika kwenye kiti.

"Hapa hapana ukurasa," nikamwambia. "Umekosea nyumba."

Hakubisha. Akaniomba radhi kwa kunisumbua. Akaniomba radhi yeye, mimi! Akaondoa mkono, akashika njia ya darajani.

Nikageuka, Mwanaidi kasimama, kanga mdomoni. "Bibi, ulikuwa ukisema na nani kile kilugha?"

Na mimi nilidhani nimesema Kiswahili.

Thuraya alipouona ule ukurasa alilia, hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Magoti yanauma vilevile. Lakini siku chache baadaye, asubuhi, nilitaka kumwita Thuraya, likanitoka jina jingine. La kike, fupi, zuri. Hatuna mtu wa jina hilo, si Sur, si Ibra, si Unguja, na mimi majina ya ukoo wetu wote ninayo. Tangu siku hiyo liko ulimini. Siliandiki hapa, maana si langu. Kila adhuhuri nakaa mlangoni nimwambie yule mzee. Hajarudi.

Basi nanyi mlio na vitu vya watu masandukuni, msivitie mkono. Na ukiwa ushautia, akaja mwenyewe, usimfukuze kwa uongo. Mfungulie, muonyeshe kilichobaki, hata kiwe ngozi tupu. Ningemwambia kweli, ningemwambia keti ningoje. Mtu aliyeingoja amana yake miaka yote ile, angeshindwa kuningoja siku chache?